Sindano Huenda kwa Mkubwa

"Toa mguu."

"Sitoi."

"Dada, toa mguu kwenye mizani."

"Mizani iko kwangu, banda la kwangu, mguu wa kwangu. Umekuja kuchanja au kukagua miguu ya watu?"

"Nimekuja kuchukua damu."

"Chukua uende."

Kioo cha mizani kilikuwa kinasoma kilo arobaini na mbili. Nguruwe aliyesimama juu ya bamba alikuwa wa miezi mitano, na hakufika hata mbwa koko. Macho safi, ngozi inang'aa, hereni kwenye sikio inawaka kijani, maana yake homa haimgusi. Ila mdogo. Na pembeni ya kwato zake, gambuti la dada yangu Yusta limekandamiza ukingo wa bamba mpaka mshipa wa shingo umemtoka.

"Nani kakufundisha mchezo huu?" nikauliza.

Swali la kijinga. Aliniangalia mpaka nikashusha macho.

"Muulize aliyenifundisha," akasema. "Si yuko hapa."

"Tangu lini?"

"Kila Jumatatu, tangu walipokwama."

"Mizani hii inatuma namba mjini, unajua kule wanaona nini? Mlima mzima nguruwe wamekwama kilo, wa kwako peke yao ndio wanapanda. Kila wiki wanapanda."

"Waache waone."

"Wameshaona! Unafikiri damu ni ya nini? Dokta anataka kinga ya banda lako aizalishe, aipeleke ng'ambo ya mto. Kata tatu, dada. Kata tatu watachanja ugonjwa huu wakidhani ni dawa."

Akatoa mguu. Namba ikaporomoka mpaka kumi na moja, ikatulia. Nguruwe akashuka kwenye bamba akarudi kula. Walikuwa wanakula, hilo ndilo lililokuwa linauma. Wanakula pumba ndoo nzima na hakuna kinachoongezeka.

"Atakua," akasema Yusta. "Dume hili lina mgongo mrefu. Atachelewa tu."

"Hakui."

"Atakua."

"Basi kata kamba. Punguza mafundo mawili, nani atajua?"

Kamba ilikuwa inaning'inia kwenye msumari mlangoni, pale alipoiacha shemeji Kasiani. Yusta aliigusa kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Nimpunguze Kasiani?" akasema. "Sema tena, nisikie vizuri."

Nikabeba begi langu nikatoka, damu sijachukua.

*

Mimi naitwa Otmari. Shule niliachia darasa la sita, siyo kwa shida yoyote, nilichoka kukaa. Mradi wa Kinga ulipokuja Lwangu kutafuta wachanjaji, hawakuuliza cheti. Waliuliza nani anaweza kumshika nguruwe anayepiga kelele asimwachie. Mimi naweza.

Homa ilikuwa imetumaliza. Asubuhi unamkuta jike kalala, masikio yamegeuka zambarau. Kesho yake banda zima. Ndani ya miaka sita watu wa mlima huu walichimba mashimo ya kufukia nguruwe mara tatu, kila mara wakaanza upya na mbegu ya kuomba. Kwa hiyo Mradi walipoleta chanjo inayotembea yenyewe, hakuna aliyeuliza maswali mengi.

Iko hivi. Katika kila uzao unachanja mtoto mmoja tu. Huyo mmoja anaibeba chanjo mwilini, ikiwa hai, anaipumua, wenzake wanaivuta, wanapona homa kabla hawajaugua. Wenzake wanakua kama kawaida. Yeye hakui tena. Siku ya sindano ndiyo siku ya kilo yake ya mwisho, maana kila anachokula kinaenda kuilisha kinga. Watu walimwita mlinzi. Hachinjwi. Anakaa pale mlangoni, mdogo, anapumua, mpaka siku yake.

Na sheria ilikuwa moja: sindano huenda kwa mkubwa. Aliyenenepa kuliko wote. Dokta Nsajigwa alitufundisha siku mbili nzima kwenye ukumbi wa kijiji, na hilo alilirudia mpaka tukaanza kumwigiza. "Kinga ina tumbo," alikuwa anasema. "Ukiipa mwenye nyama itakula pale pale itulie. Ukiipa mwembamba itakosa, itajifunza kula kidogo kidogo kwa kila inayemgusa. Siku hiyo mtanitafuta." Mimi nilikuwa nyuma, nalinganisha kiatu changu na cha jirani.

Sasa mwambie mfugaji achague mkubwa amdumaze. Mwambie hivyo uso kwa uso uone. Tangu utoto tumefundishwa kinyume: dhaifu ndiye anayetolewa, mkubwa anaachwa. Mabanda mengine nilikuwa nachanja huku wananisonya mgongoni.

Kwa Yusta ilikuwa zaidi ya kusonya. Kasiani alilaliwa na gogo msituni, kwenye misonobari, mwaka juzi. Huku kwetu mwanaume akifa, matanga hayafungwi kwa tarehe. Yanafungwa kwa kamba yake. Kila mfugaji ana kamba ya mafundo ya kupimia nguruwe kifuani, na fundo la mwisho ndilo nguruwe mkubwa kuliko wote aliyewahi kumkuza. Ya Kasiani ina mafundo manane, watu walikuwa wanakuja kuishangaa. Basi mjane anatakiwa akuze nguruwe kwenye banda la marehemu, azaliwe humo humo, mpaka ajaze kamba. Siku akijaa anachinjwa, watu wanakula, mjane anavua kaniki. Kabla ya hapo hapeani mkono na mtu, hachezi ngoma, haimbi. Watu hawamwiti hata jina. Wanasema "wa Kasiani".

Yusta ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani. Sauti yake ilikuwa inatangulia, sisi wengine tunaifuata kama mbuzi. Miezi kumi na sita sasa anakaa benchi la nyuma, mdomo umefungwa.

Homa ya mwisho ilimwachia jike moja, zee. Likazaa sita, likalalia watatu. Wakabaki dume kubwa lenye doa mgongoni, jike la kati la kuendeleza mbegu, na kadogo kamoja, kilo tatu, ambako hata chuchu kalikuwa kanasukumwa.

Nilipoingia na sindano, Yusta alikuwa amelipakata lile dume kama mtoto wa kubatizwa.

"Huyu humgusi."

"Dada, sheria."

"Sheria inamjua Kasiani?"

Nikaangalia kadogo. Kalikuwa kanatetemeka kwenye majani. Nikawaza kama mfugaji yeyote angewaza: kwa nini nimdumaze anayekua, wakati yuko ambaye Mungu keshamdumaza? Nikakaweka kwenye mizani, nikakandamiza bamba kwa goti mpaka kioo kikasoma kilo tisa, nikakadunga. Kalilia kidogo sana. Yusta alicheka siku ile. Mara ya kwanza tangu msiba, na mimi ndiye niliyemchekesha. Niliondoka pale natembea kama mwanaume.

*

Mzee Menradi, balozi wetu wa nyumba kumi, nilimkuta yuko ndani ya shimo. Kichwa tu ndicho kinaonekana, na koleo linarusha udongo.

"Kamwene, Balozi."

"Kamwene. Shuka unisaidie au kaa pembeni, unanizibia jua."

Nilishuka. Ana miaka sabini na mbili, na alikuwa amekataa mashine ya Mradi kwa sababu ingekanyaga viazi vyake.

Banda lake liko chini ya banda la Yusta, wanatumia mfereji mmoja wa maji. Nguruwe wake kumi na mmoja walikwama wiki ile ile ya wa dada yangu. Tofauti ni kwamba Yusta aliweka mguu, yeye akapiga simu. Na Mradi wana utaratibu: banda la kwanza kuripoti tatizo jipya ndilo linaandikwa chanzo. Mlima mzima wanafukia, wanapewa mbegu safi. Wa chanzo anafukia na hapewi kitu. Hafugi tena maisha yake yote, hata kuku.

"Nilidhani nikiwahi kusema watanipa soda," akasema, akacheka peke yake. Kisha akaegemea koleo. "Kijana, nikuulize. Siku ile kwangu ulichanja mkubwa?"

"Nilichanja mkubwa."

"Ndiyo. Mimi mwenyewe nilikushikia miguu, karibu aning'oe jino." Akafuta jasho. "Basi kosa limetoka wapi?"

Nilichimba.

"Jirani yetu Mama Lukuvi anasema ni pumba. Niliwapa pumba zenye ukungu kidogo, mwezi wa tatu. Nilipepeta, lakini ukungu, unajua mwenyewe. Labda ni mimi." Akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo kama anajaribu linavyokaa mdomoni. "Labda ni mimi kweli."

Mtu anayeonewa akipiga kelele unaweza kuvumilia. Huyu alikuwa anajitafutia kosa ili Mradi wasionekane wajinga.

Simu ikalia mfukoni. Nikapanda juu ya udongo kuipokea.

"Otmari, kamwene," alikuwa Dokta Nsajigwa. Siku zote anasalimia vizuri.

"Kamwene, Dokta."

"Damu umechukua?"

"Sijachukua bado."

"Chukua ya yule mlinzi, si ya wale wengine. Kesho saa nne natuma kipanga hapo kwa balozi, kitapiga picha za kufukia, kitachukua na chupa. Safari moja. Otmari, hilo banda ni la ajabu. Wengine wote chini, lenyewe linapanda tu. Ng'ambo wana watoto wa nguruwe elfu nne wanasubiri sindano. Tukifanikiwa, jina la dada yako litaandikwa."

"Dokta, hamwezi kuja kuwaona kwa macho?"

"Barabara ile? Namba ziko hapa mbele yangu, kwa macho nitaona nini zaidi?"

Niliporudi shimoni, Balozi aliniuliza Dokta anasemaje.

"Anasalimia," nikasema.

*

Damu niliichukua asubuhi. Kadogo hakakupiga hata kelele. Kalikuwa bado kilo tatu, kamesimama pembeni ya mlango, hereni yake inawaka kijani kuliko zote. Yusta alikuwa amekashika mwenyewe.

"Utaipeleka?" akauliza.

"Sijui."

"Ukisema, wanafukia wangu pia. Jike na dume. Na banda linafungwa."

"Najua."

"Banda likifungwa, kamba haijazwi. Siyo mwakani, siyo lini. Nitazikwa na hii nguo." Alikuwa haongei kwa hasira, ndiyo mbaya zaidi. "Sikukuomba sindano uiweke kwa kadogo, Otma. Nilikuomba usimguse mkubwa. Ungeniambia basi tusichanje kabisa. Wewe ndiye uliyesema hakuna shida."

Ni kweli. Nilisema hivyo hivyo, "hakuna shida", nikapiga na mluzi.

"Na Balozi?" nikamuuliza.

"Balozi ana mke anayemwita kwa jina lake," akasema. "Balozi atakula viazi."

*

Shimo likichimbwa, nyumba zote kumi zinakuja, kama msibani. Saa nne walikuwa wamejaa, kila mtu na kikombe chake cha chokaa ya kumwaga. Hakuna aliyekuwa na nguruwe mzima wa kujivunia, wa kwao wangefukiwa kesho yake na keshokutwa, lakini macho yao kwa Balozi yalikuwa ya watu wanaomwangalia mwizi. Wanaume aliowapatanisha na wake zao. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Uzee nao. Afuge nini, apumzike tu." Yusta alikaa nyuma kabisa, kwenye jiwe, na ile kamba ameizungusha mkononi. Sijui kwa nini alikuja nayo.

Kipanga kikashuka. Ni ndege ya Mradi isiyo na mtu, ukubwa wa meza, inavuma kama nyuki. Kikakaa kando ya shimo, droo ikafunguka, sauti ya Dokta ikatoka ndani.

"Habari za asubuhi, ndugu zangu. Poleni. Otmari, weka chupa kwanza, tusisahau."

Chupa ilikuwa mfukoni, bado ina joto. Nikaitoa. Balozi alikuwa analileta jike lake kwa kamba, jike linaitwa Askofu kwa sababu lina shingo nyeupe, kilo kumi na tatu, linatembea nyuma yake bila kuvutwa. Akafika ukingoni. Akainama akalikwangua nyuma ya sikio.

"Unisamehe," akaliambia. "Nilikupa ukungu."

Nilirusha chupa. Ilivunjika kwenye jiwe la katikati ya shimo, damu ikaenea kwenye chokaa.

"Otmari!" Dokta. "Umefanya nini?"

"Hiyo ndiyo damu iliyodumaza mlima huu," nikasema. "Balozi hana kosa. Kwake nilichanja mkubwa, alinishikia miguu. Kuna banda nilichanja kadogo ka kilo tatu, nikakandamiza mizani kwa goti ionekane tisa. Ikaanzia hapo, ikashuka na mfereji. Zile namba zinazopanda, Dokta, ni mguu wa mtu. Hakuna nguruwe anayekua."

Vikombe vya chokaa vikashuka. Hata kipanga kilipunguza kuvuma, au masikio yangu yaliziba.

"Banda gani?" akauliza Dokta.

Alikuwa analijua. Wote walikuwa wanalijua, wameshageuka kuangalia jiwe la nyuma. Lakini utaratibu unataka mchanjaji atamke. Mimi nilikuwa nimejidanganya usiku kucha kwamba nikifika hapo litatokea neno lingine.

"La Kasiani," nikasema.

Hata mimi sikumwita dada yangu kwa jina lake.

"Basi mashimo mawili," akasema Dokta. Nadhani alikuwa anawaza wale elfu nne wa ng'ambo. "Banda la mjane limeandikwa chanzo. Balozi, utapewa mbegu pamoja na wengine. Otmari, rudisha sindano na begi. Leo."

Nilimgeukia Mzee Menradi. Nilitegemea labda ataniwekea mkono begani. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake, malengelenge yamepasuka.

"Siku nne nimechimba," akasema. "Ulishuka kwenye shimo langu, ukachimba na mimi, nikakwambia habari za ukungu. Ukanisikiliza." Akatema mate pembeni. "Ulisubiri nimalize."

Akamwingiza Askofu shimoni yeye mwenyewe. Mbegu mpya au si mpya, hawa walikuwa na ugonjwa, walikuwa wanafukiwa vile vile. Kilichobadilika ni jina tu. Watu wakaanza kumwaga chokaa, na yule aliyesema habari za uzee alimwaga kwa bidii kuliko wote.

Yusta alinyanyuka kwenye jiwe. Watu walimpisha njia, wakavuta nguo zao asiwaguse. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu, nikadhani atanipiga, nikasimama vizuri anipige. Hakunipiga. Aliikunjua kamba ya Kasiani, akaipitisha chini ya kwapa zangu, akaizungusha kifuani, taratibu, kama wanavyopimwa nguruwe. Akaivuta ikabana. Akahesabu kwa kidole, sauti ile ile iliyokuwa inaanzisha nyimbo, na watu wakaacha kumwaga chokaa kumsikiliza.

"Sita," akasema. "Hata wewe hujai."

Akaiachia. Kamba ikaanguka kwenye viatu vyangu.

"Dada Yusta," nikaita.

Alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Alipita kati yao bila kumwangalia mtu, akashika njia ya mfereji kuelekea kwake, ambako kadogo kalikuwa bado kamesimama mlangoni, kanapumua.